Dalali wa vyumba Dar es Salaam: tathmini kwa familia zinazotoka Umalila

Kila kiangazi, viazi vikishachimbwa na kuuzwa, familia kadhaa hushuka kutoka vijiji vya Umalila hadi mjini Mbeya zikiwa na mabegi, magodoro yaliyofungwa kamba na watoto waliovaa masweta, kisha hupanda basi la Dar es Salaam kwa nia ya kubaki huko. Huduma ya kwanza ambayo familia kama hizo huilipia jijini, kabla hata ya kununua ndoo na jiko la mkaa, ni ya dalali wa vyumba. Nimeamua kuitathmini huduma hiyo kwa sababu nilifuatana na mdogo wangu, mumewe na watoto wao watatu walipokwenda kupanga kwa mara ya kwanza, na kwa sababu nyumbani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya mjini, hupita watu wengi wa kwetu wanaouliza maswali yale yale kabla ya safari. Huuliza nauli, huuliza kazi, huuliza kama joto la pwani linavumilika. Kuhusu dalali hawaulizi, kwa kuwa wanaamini wanamfahamu.

Imani hiyo ina sababu. Katika biashara ya viazi dalali ni mtu wa kila siku. Ndiye anayemwongoza mnunuzi mwenye lori hadi shambani, anayesimamia mapatano ya bei na anayechukua chake kwa kila gunia. Wakulima humlalamikia, hasa kuhusu lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kichwa hadi likapita kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo, lakini humlalamikia wakiwa wanajua nyumba yake ilipo, mke wake ni binti wa nani na anasali kanisa gani. Akimdhulumu mtu mwaka huu, mwakani atavihitaji tena viazi vya mtu huyo huyo. Dalali wa vyumba wa Dar es Salaam hafungamani na mteja wake kwa lolote isipokuwa namba ya simu, na namba ya simu huzimwa kwa kidole kimoja.

Mdogo wangu na shemeji hawakuondoka kwa tamaa ya jiji. Bei ya mbolea ilipopanda mwaka 2021 na 2022 walipunguza eneo la kulima. Ruzuku ya serikali ilipoanza katika msimu wa 2022/2023 walikuwa tayari wameelemewa na deni, na shamba lenyewe, likiwa limegawanywa kwa ndugu baada ya baba mkwe kufariki, lilikuwa limebaki vipande visivyotosha kulisha watu watano. Shemeji alikuwa na jamaa zake wanaoshusha mizigo katika soko la Mabibo, lile ambalo watu huliita Mahakama ya Ndizi, ambako malori hufika usiku yakiwa na ndizi za Rungwe na viazi vyetu. Walimwambia kwamba kazi ipo, ila ni lazima alale karibu na soko, maana anayechelewa kufika lori likifunguliwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Sharti hilo la kulala karibu ndilo lililoamua karibu kila kitu kilichofuata, na dalali alilielewa mara moja.

Tulishuka katika kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kule Mbezi, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800, watoto wakiwa wamevua masweta tangu Chalinze. Tulifikia kwa mmoja wa jamaa hao, katika chumba kimoja ambacho tayari kilikuwa na watu wanne, na asubuhi yake tukaunganishwa na dalali na mtu anayeuza vocha hapo mtaani. Alikuwa kijana msafi na mwenye adabu. Alimwamkia shemeji kwa shikamoo, mimi akaniita mama, na mtoto mdogo alipochoka kutembea alimbeba yeye mwenyewe. Natamka hayo kwa sababu anayesubiri tapeli mwenye sura ya tapeli hatajilinda na chochote. Mwenendo wake wote wa siku ile ulikuwa wa mtu anayeifahamu kazi yake na kuipenda.

Utaratibu wake ni ule wa madalali walio wengi jijini. Kwanza mteja hutoa hela ya kuonyeshwa vyumba, ambayo kwetu ilikuwa shilingi 10,000 na ambayo hairudi hata kama hakuna chumba kilichomridhisha. Akikubali chumba, humlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wapo wanaodai ya mwaka mzima. Kisha humlipa dalali kiasi kinacholingana na kodi ya mwezi mmoja. Chumba kilichochukuliwa kilikuwa cha shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa hiyo familia iliyokuja na fedha za viazi pamoja na za ng'ombe mmoja ilitoa shilingi 360,000 kabla jua la siku hiyo halijazama, na katika hizo 60,000 zilikuwa za dalali. Kwa familia hiyo, fedha za dalali peke yake zingetosha unga na dagaa kwa wiki mbili na zaidi.

Sisemi kwamba bei hiyo ni ya dhuluma. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na mgeni anayezunguka mwenyewe mtaa kwa mtaa akigonga milango ataimaliza hela yake ya nauli kabla hajapata hata mahali pa kuulizia. Dalali wetu alijua ni wenye nyumba gani hawataki wapangaji wenye watoto, akatuepusha na aibu ya kufukuzwa mlangoni. Alijua ni nyumba zipi wapangaji huchangia umeme wa LUKU moja na kugombana kila wiki, na ni zipi kila chumba kina submita yake. Alijua mahali ambapo maji ya bomba hutoka kwa zamu na mahali ambapo watu hutegemea kisima cha chumvi. Mwenye nyumba alipotaja shilingi 60,000, ni dalali aliyezungumza naye kando hadi zikapungua 10,000, jambo ambalo shemeji, mwenye haya za mtu wa kijijini mbele ya mama mwenye nyumba, asingelithubutu. Kwa sehemu hiyo ya kazi alistahili malipo yake, na ninaliandika hilo bila shaka yoyote.

Tatizo liko katika yale aliyoyajua na akanyamaza.

Chumba kilikuwa Kigogo, upande wa chini unaoelekea mto Msimbazi. Kilikuwa kimepakwa rangi upya, nusu ya chini ya ukuta ikiwa ya bluu nzito ya mafuta. Mlangoni palikuwa na kizingiti cha zege kilichokaribia magoti, ambacho kila aliyeingia alilazimika kukivuka kwa kuinua mguu. Soketi ya umeme ilikuwa imepandishwa hadi usawa wa kichwa. Kwa jirani, mlango ukiwa wazi, kitanda kilionekana kimeinuliwa juu ya matofali, na huko uwani friji ya mwenye nyumba ilikuwa imekaa juu ya meza ya mbao. Mdogo wangu, ambaye tangu utoto hapitwi na kitu, aliuliza kizingiti kile kilijengwa kwa ajili gani. "Dada, hicho ni kwa ajili ya panya," dalali alijibu, na kwa kuwa jibu lilitolewa haraka na kwa upole, mazungumzo yakahamia kwenye ufunguo.

Yeyote aliyekulia katika bonde lile angevisoma vitu hivyo vyote kwa pamoja na kuondoka. Mtu wa Umalila hana namna ya kuvisoma. Kwetu maji ya mvua huteremka kutoka mlangoni na kwenda zake bondeni. Tunaogopa udongo unaoporomoka, tunaogopa baridi ya Juni na Julai inayounguza majani ya viazi, lakini hatuijui mvua inayoingia ndani ya nyumba kutoka chini. Hata kalenda yetu ya mvua hutudanganya. Mbeya ina msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, wakati Dar es Salaam ina vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei. Anayepanga chumba Agosti, mwezi ambao bonde ni kavu na watoto huchezea mpira kwenye mchanga wa mto, huku akilipa kodi ya miezi sita, tayari ameshailipia vuli nzima kabla hajaliona hata wingu moja.

Hatari ya bonde la Msimbazi si siri kwa mkazi yeyote wa jiji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawahamishia wengi wa walionusurika Mabwepande. Mwishoni mwa 2015 nyumba za bondeni zilianza kubomolewa, kuta zikiwa zimechorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na katika miaka ya karibuni mradi wa kuliendeleza bonde hilo kwa mkopo wa Benki ya Dunia umewalipa fidia na kuwaondoa wakazi wengine. Mambo hayo yalitangazwa redioni na kuandikwa magazetini. Hata hivyo kusikia redioni, ukiwa Ilembo kule Umalila, kwamba Jangwani kumejaa maji ni jambo moja, na kujua kwamba chumba ulichosimama ndani yake kipo kwenye mto ule ule ni jambo jingine kabisa. Kuliunganisha la kwanza na la pili ndiyo huduma ambayo mgeni anadhani ameilipia.

Vuli ilipofika, maji yalikipita kizingiti usiku. Shemeji alikuwa sokoni akishusha viazi. Mdogo wangu aliwapandisha watoto juu ya meza ya mwenye nyumba, kando ya friji, akarudi chumbani kuokoa alichoweza, na alichoweza kilikuwa kidogo: unga ulikuwa umelowa, godoro lilikuwa limeshaanza kuelea, na madaftari ya shule pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto mdogo havikufaa tena. Wakati watu wakihangaika gizani walipita vijana waliojifanya wanasaidia, wakaondoka na simu yake na begi la nguo. Kulipokucha, yaliyokuwa kwenye vyoo vya shimo yalikuwa yamesambaa uwani. Jiji hilo linaujua vizuri mwisho wa hali kama hiyo, kwa kuwa mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia huko huko Dar es Salaam kabla ya kuenea mikoani, na mdogo wangu alilazimika kuchemsha kila tone la maji kwa mkaa wa kununua, katika wiki ambazo hela ya mkaa na hela ya chakula zilikuwa hazitoshi kwa pamoja.

Dalali alipigiwa simu ya jirani. Aliposikia ni nani anayezungumza alisema yupo kwenye daladala na atapiga baadaye. Tangu hapo hakupatikana. Mwenye nyumba alisema kwamba kodi iliyolipwa hairudishwi na kwamba chumba bado kipo, maji yakipungua mtu anaweza kukifagia na kuendelea kuishi. Hakuwa mkali. Yeye mwenyewe aliishi hapo, naye alikuwa amepoteza vitu vyake.

Wapo wanaoniuliza kama sheria haisaidii. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, na tangu wakati huo kiwango cha kodi na idadi ya miezi ya kulipa kwa mkupuo vimekuwa mambo ya makubaliano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Baraza la kata lipo, lakini baada ya mabadiliko ya sheria ya 2021 kazi yake katika migogoro ya ardhi na nyumba ni kusuluhisha, si kutoa hukumu, na usuluhishi unahitaji pande mbili zilizo tayari kukaa chini. Zaidi ya hapo, mkataba wetu ulikuwa karatasi moja ya daftari yenye majina mawili, kiasi cha fedha na tarehe. Jina la dalali halikuwamo. Katika karatasi nyingi za aina hiyo nilizoonyeshwa na watu wa kwetu baadaye halimo pia, na hapo ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote za huduma hii: mtu aliyepokea fedha kwa ajili ya kumwongoza mgeni hana mahali popote alipoandikwa kuwa alimwongoza.

Nikitakiwa kutoa nyota, nitatoa mbili kati ya tano. Nyota hizo mbili ni za kweli, kwa ajili ya miguu yake, subira yake na ujuzi wake wa mitaa. Tatu zilizokosekana zinatokana na namna anavyolipwa. Dalali hulipwa ufunguo unapokabidhiwa, si mpangaji anapomaliza mwezi wake wa kwanza kwa amani. Hulipwa kulingana na kodi, kwa hiyo chumba cha bei kubwa humfaa zaidi. Na mpangaji akihama baada ya mafuriko, chumba hurudi sokoni na dalali hupata mwezi mwingine kutoka kwa mgeni mwingine. Sidhani kijana yule alimtakia mabaya mtoto aliyembeba. Lakini kila senti ya kipato chake ilitegemea asiseme kizingiti kile ni cha maji, na familia yenye njaa ya kesho haipaswi kuwekwa mikononi mwa mtu mwenye mgongano wa namna hiyo bila mtu wa tatu kuwepo.

Mtu huyo wa tatu yupo, na ndiye niliyetamani kila familia inayopita kwangu imjue. Baada ya maji, jamaa wa sokoni walimpeleka shemeji kwa mjumbe wa mtaa mmoja upande wa juu, kuelekea Makuburi. Mjumbe, au balozi kama wengine wanavyomwita, hafanyi kazi ya udalali, lakini anajua nani amehama, nani amejenga vyumba vya nje na nani ana tabia ya kuwafungia wapangaji milango. Alimsikiliza shemeji, akamwuliza anatoka wapi, anafanya kazi gani na ni nani anayeweza kumdhamini, kisha akamtuma mwanawe awaonyeshe chumba nyumba ya nne kutoka kwake. Kodi ilikuwa shilingi 45,000, na mwenye nyumba, baada ya maneno ya mjumbe, alikubali kupokea ya miezi mitatu. Mkataba uliandikwa na kushuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Mjumbe hakudai kitu. Shemeji alimpa shilingi 10,000 kama asante, na siku malori ya nyumbani yalipofika alimpelekea viazi.

Nisingependa mtu asome hapa akadhani njia hiyo inampeleka peponi. Chumba cha pili ni kidogo kuliko cha kwanza na dari yake haina kitu zaidi ya bati, kwa hiyo mchana hakikaliki na watoto hushinda chini ya mti wa mwembe wa jirani. Maji ya kisima chake ni ya chumvi, hayalainishi maharage wala hayatoi povu, na ya kunywa hununuliwa kwa dumu. Choo ni kimoja kwa wapangaji wote. Kutoka hapo hadi sokoni shemeji hutembea kwa miguu usiku, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili hulifanya peke yake; baada ya mashambulizi ya makundi ya vijana yanayoitwa panya road, yaliyolitikisa jiji mwaka 2022 hadi polisi wakafanya msako mkubwa, wapakuaji wa upande ule walizoea kukusanyika kwa mama mmoja anayeuza uji na kuondoka kwa pamoja. Lakini hata taarifa ya kuwepo kwa kundi hilo ilitoka kwa mjumbe. Dalali hakuwahi kutaja njia ya kwenda kazini ina hali gani saa nane za usiku, ingawa aliambiwa tangu mwanzo kwamba mpangaji ni mtu wa usiku.

Suala la shule nalo halimo kabisa katika huduma ya dalali, na kwa maoni yangu linapaswa kuwa la kwanza kuulizwa. Elimu ya msingi haina ada katika shule za serikali, na sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada tangu 2016, lakini mtoto anayehama mkoa anahitaji barua ya uhamisho, na shule iliyo karibu na chumba inaweza kuwa imefurika au kuwa ng'ambo ya barabara kubwa ambayo mtoto aliyezoea njia za mashambani hajui kuivuka. Mtoto mkubwa wa mdogo wangu alikaa nyumbani majuma mengi kwa sababu karatasi za uhamisho zilikuwa kwenye begi lililoibwa. Mjumbe ndiye aliyemwambia mdogo wangu aanze kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa huo, aeleze yaliyotokea, na wakati huo huo apige simu kijijini karatasi ziandikwe upya.

Najua kwamba zipo familia ambazo hazitakuwa na jamaa wa kuwafikisha kwa mjumbe, na hizo zitamhitaji dalali. Kwao ningesema chumba kitazamwe jioni, saa ambayo wapangaji wamerudi, na mama wa familia aende uwani peke yake akazungumze na wanawake wenzake wanaopika, dalali akiwa hayupo. Wanawake hao hawana cha kupata kwa kuficha. Waulizwe maji hufika wapi wakati wa masika, nani aliishi kwenye chumba hicho kabla na kwa nini aliondoka. Fedha ya dalali ilipwe baada ya usiku wa kwanza kulala humo, na jina lake pamoja na namba ya kitambulisho chake viandikwe kwenye mkataba kama shahidi; anayekataa jambo hilo amejieleza vya kutosha. Kuhusu wale wanaotumiwa picha za vyumba kwa simu wakiwa bado Mbeya, na kuambiwa watume hela ya kushikilia chumba kisichukuliwe na mtu mwingine, sina maneno laini. Msitume. Hapa Mwanjelwa wamepita watu waliotuma, wakafika jijini na watoto, wakakuta chumba kina mwenyewe ambaye hajawahi kumsikia dalali huyo.

Maandalizi yenye thamani kuliko yote hufanyika huku huku kwetu na hayana gharama kubwa. Kabla ya kuondoka, baba au mama wa familia aende kwa mtendaji wa kijiji akaandikiwe barua ya utambulisho yenye mhuri, ikitaja majina ya watu wote wa nyumba hiyo. Ahakikishe ana namba ya NIDA hata kama kadi haijatoka, na achukue barua ya uhamisho wa kila mtoto mikononi mwa mwalimu. Nakala za karatasi zote hizo ziachwe kwa ndugu anayebaki. Ofisi ya serikali ya mtaa ya Dar es Salaam humpokea kwa namna nyingine mgeni anayefika na barua, na mjumbe hupata pa kuanzia anapomwombea chumba kwa mwenye nyumba. Wanaopitia Mwanjelwa wanaweza kufika kwangu nakala hizo zikatolewa hapa stendi ya zamani kabla ya kupanda basi.